Kabla ya Kiki ya Kwanza

Katika vijiji vya Ikoma, wilayani Serengeti, injini ya bodaboda hupoa mara moja kwa siku. Dereva anarudi saa nne ya usiku, anaisimamisha pikipiki ukutani, na hedi, kichwa cha injini, bado ina moto wa kukausha shati. Saa kumi na moja alfajiri anatoka tena kuwawahi abiria wa kwanza: wapishi na wafagizi wa kambi za watalii, mwalimu anayefundisha kijiji cha pili, mama anayempeleka mtoto zahanati. Katikati ya saa hizo mbili ndipo chuma kinapotulia kabisa. Jogoo akiwika, injini iko baridi kama mtungi.

Ni wakati huo tu valvu za pikipiki zinapoweza kupimwa sawasawa. Vitabu vya Honda vimeliandika jambo hili wazi: nafasi ya valvu ipimwe injini ikiwa baridi, chini ya nyuzi 35 za sentigredi. Mchana, fundi wa Mugumu au wa Nata haipati injini ya namna hiyo. Anayoipata imetoka kukimbia kilomita thelathini, dereva amesimama pembeni funguo mkononi, abiria yuko kwenye benchi anachezea simu. Kuisubiri ipoe ni saa mbili au tatu, na saa mbili ni nauli za watu kadhaa. Basi valvu huwekwa sawa chuma kikiwa moto, kwa sikio na kwa kukisia, pikipiki ikaondoka.

Watu wengi huiona kazi hii ya kuweka valvu sawa, kuseti tapeti kwa lugha ya mafundi, kuwa ya gereji, na mtu anayeifanya uani kwake huhesabiwa mbishi, au bahili anayemnyima fundi riziki. Joto halikubaliani nao. Mahali panapoifaa kazi hii kuliko pengine pote ni nyumbani, alfajiri, kabla ya kiki ya kwanza. Kinachopungua nyumbani ni vifaa, na vifaa vyenyewe vinaenea kwenye mfuko wa koti.

Nafasi inayozungumzwa hapa ni ndogo mno. Juu ya hedi kuna vyuma viwili vinavyochezacheza kama pembea. Mafundi huviita roka. Upande mmoja wa roka husukumwa juu, upande wa pili hushuka na kuibonyeza valvu ifunguke. Valvu inapokuwa imefunga, kati ya ncha ya skrubu ya roka na shina la valvu lazima ibaki hewa kidogo. Kwa Honda CG125 hewa hiyo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, ya kuingiza mchanganyiko na ya kutolea moshi. Kwa Honda ndogo za zamani za jamii ya Cub ni 0.05. Unywele wa mtu una unene wa kiasi hicho hicho, na wengine wana unywele mnene kuliko huo.

Sasa izidishwe kwa kazi ya siku. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 2,500 katika dakika hiyo, yaani mara 150,000 kwa saa. Kila mara, hewa hiyo ya unywele inafungwa na kuachiwa.

Chuma kikipata joto hurefuka. Alumini ya hedi na silinda hurefuka karibu mara mbili ya chuma cha valvu, kwa hiyo humo ndani kuna mvutano wa kudumu: kimoja kinakimbia, kingine kinasita, na nafasi inabadilika kadiri safari inavyoendelea. Pikipiki iliyopanda kilima na gunia la mahindi haina joto sawa na iliyotoka kusimama kivulini. Kipimo kikawekwa kwenye baridi kwa sababu huko ndiko injini zote za aina moja hufanana, iwe ya Robanda au ya São Paulo.

Halafu kuna kulika, nako kuna njia mbili. Skrubu na roka zikilika, nafasi hupanuka na injini huanza kulia, tik-tik-tik, kama cherehani ya fundi wa kanzu. Lakini valvu nayo hukigonga kiti chake mpaka ikazama ndani ya hedi, na inavyozama, shina lake hupanda juu kidogo kidogo kuifuata skrubu. Siku moja vinagusana. Nafasi imekwisha, na injini imenyamaza.

Ukimya huo ndio uliowaponza wengi. Mazungumzo ya gerejini yanajulikana.

“Fundi, hii imeanza kulia.”

“Lete tusikie, mura.”

Fundi anaweka ncha ya bisibisi juu ya hedi, mpini anauegemeza sikioni, anatulia kama daktari kwenye kifua cha mgonjwa. Anafungua, anakaza skrubu kidogo, anawasha. Tik-tik imepotea. Dereva anatabasamu, analipa. Alichokilipia ni ukimya, na ukimya ni bidhaa ambayo fundi yeyote anaweza kuitengeneza kwa robo mzunguko wa mkono.

Atakayelipa baadaye ni valvu ya kutolea moshi. Valvu hiyo hupitiwa na moto kila mara inapofunguka, na sehemu kubwa ya joto lake huiondoa pale inapokuwa imekaa kitini, joto likihamia kwenye hedi. Ikikazwa kiasi kwamba haifiki kitini vizuri, moto unapenya ukingoni, ukingo unaungua, pengo linaongezeka, moto unapenya zaidi. Kompresheni inashuka. Kiki inakuwa nyepesi kama pedali ya baiskeli, na pikipiki iliyokuwa ikipanda kilima na mishikaki ya watu wawili nyuma sasa inamshinda dereva peke yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Na kilio cha injini hii huja kwa umbo la kufungua hedi, kusaga valvu, na mara nyingine kununua valvu na kiti kipya.

Hii haina maana kwamba sikio la fundi lidharauliwe. Fundi aliyekaa chini ya mwarobaini wa Mugumu miaka kumi hutofautisha tapeti, cheni ya taimingi na pini ya pistoni kwa kusikiliza tu, na akakosea mara chache. Tatizo liko kwingine: sikio husikia nafasi iliyozidi, lakini nafasi iliyopungua haitoi sauti yoyote. Katika jambo hili sikio ni shahidi anayeona upande mmoja wa barabara.

Inafaa kukumbuka injini hizi zilikotoka, maana historia yake inaeleza kwa nini kazi yenyewe imebaki rahisi hivi. Miaka ya 1970 Honda iliuza katika nchi za Asia na kwingineko pikipiki zenye kemshafti (mhimili unaozifungua valvu) juu ya hedi, inayoendeshwa kwa cheni. Zikawa zinarudi zimeharibika. Wahandisi wake walipokwenda kuangalia waliona watu wanaopakiza kupita kiasi, wasiobadilisha oili kwa wakati wala kusafisha chujio la hewa, kwa sababu pikipiki kwao ilikuwa punda wa kazi. Badala ya kuwalaumu watu, walibadilisha injini. CG125 ilitoka mwaka 1976: kemshafti imeshushwa chini karibu na krenki, inazungushwa kwa gia, cheni imefutwa, na nundu moja tu ya kemshafti inazifanyia kazi valvu zote mbili kupitia fimbo mbili ndefu. Viwanda vya China vikaiga mtindo huo kwa mamilioni, na nakala zake ndizo zilizofika Tanzania kwa majina ambayo mtoto wa darasa la tatu anayataja bila kukosea: SanLG, Fekon, Kinglion na ndugu zake. Boxer ya Bajaj na TVS za India zimerudisha kemshafti juu, pamoja na cheni yake.

Kote huko, hata hivyo, kitu kimoja hakikuondoka. Iwe fimbo au cheni, Mchina au Mhindi, juu ya valvu kuna skrubu mbili ndogo na nati zake mbili. Wahandisi waliomwondolea mwenye pikipiki kila kazi waliyoweza kumwondolea walimwachia hii moja.

Na bado, chini ya kiti cha pikipiki mpya, kwenye kile kimfuko cha plastiki cha vifaa, kuna spana ya plagi, bisibisi ya kugeuza na spana mbili tatu laini zinazopinda siku ya kwanza. Kipimo cha nafasi hakimo. Kitabu kinasema 0.08, mfuko hauna cha kupimia 0.08. Ni kama kumpa mtu kanzu akaishone, na futi kamba ukabaki nayo.

Kipimo chenyewe mafundi hukiita fila. Ni kishada cha vibapa vya chuma vilivyofungwa pamoja mwisho mmoja, vinavyofunguka kama upepeo wa karata mkononi mwa mchezaji, kila kibapa kimechorwa unene wake. Seti ya kawaida ina vibapa kumi na tatu hadi ishirini na zaidi. Bei yake haizidi ya lita chache za petroli. Anayekipuuza huwa na sababu moja ya kuaminika: amezoea kutumia kitu kingine na pikipiki ikaenda.

Vitu hivyo vingine vinastahili haki yao. Wembe wa kawaida wa pande mbili, ule wa kunyolea, una unene wa takriban milimita 0.1. Kwa CG125 inayotaka 0.08, wembe umezidi kidogo tu. Injini italia lakini haitaungua, na fundi anayeutumia ana haki ya kutochekwa. Kwa Cub inayotaka 0.05, wembe ule ule umezidi mara mbili. Bati la kopo la soda nalo linakaribia 0.1, tatizo ni kwamba likikunjwa mara moja halina unyoofu tena. Utepe wa msumeno wa chuma una kama milimita 0.6, ambao kwa bahati njema ni unene unaofaa kwa pengo la plagi, na pengine hapo ndipo imani yote ya kukisia ilipozaliwa: msumeno ulifanya kazi kwenye plagi, mtu akaona kila pengo lina msumeno wake.

Kuna pia njia isiyohitaji kibapa chochote, na ina akili ndani yake. Ikiwa uzi wa skrubu una hatua ya nusu milimita, mzunguko mmoja kamili huisogeza skrubu milimita 0.5. Moja ya sita ya mzunguko ni 0.083. Mtu anaikaza skrubu taratibu mpaka iguse shina la valvu, kisha anairudisha kwa kiasi cha dakika kumi kwenye uso wa saa. Njia hii hata ina sifa ambayo fila haina. Ncha ya skrubu ya zamani hulika katikati ikawa na kishimo, na kibapa bapa kinakaa juu ya kingo za kishimo bila kukiingia. Kipimo kinasoma 0.08 wakati nafasi ya kweli ni kubwa zaidi. Skrubu ikishafikia hali hiyo dawa yake ni kubadilishwa, lakini angalau mwenye kuhesabu mzunguko hadanganywi na kishimo. Kasoro ya njia hii ni kwamba mkono unaokisia dakika kumi usingizini unaweza kukisia kumi na tano.

Kwa eneo lenye jadi ya ufundi wa chuma kama mkoa huu wa Mara, haya si mambo mageni kabisa. Kabla ya majembe ya dukani, sehemu hizi zilikuwa na ukoo wa Waturi, wahunzi waliofua vichwa vya mishale na majembe, watu waliohitajiwa na kila kaya na papo hapo wakaogopwa, kiasi kwamba kuoana nao kulikuwa mwiko kwa wengi. Kipimo cha Mturi kilikuwa jicho na mkono, na kilitosha: kichwa cha mshale kikizidi mwenzake kwa unene wa wembe, nyumbu hatofautishi. Injini inatofautisha. Ndicho kitu kipya ambacho pikipiki imekileta kijijini, zaidi ya mwendo: haja ya kupima kitu ambacho jicho haliwezi kukiona.

Haja hiyo ilipozaliwa kwingine nayo haikuzaliwa kwenye majumba makubwa. Msweden Carl Edvard Johansson, fundi wa kiwanda cha bunduki cha Eskilstuna, ndiye aliyebuni mwaka 1896 vile vitofali vya chuma vya kupimia ambavyo viwanda vya dunia nzima vilivitumia kusahihisha vipimo vyao. Vitofali hivyo vilihitaji kusuguliwa kwa usahihi ambao mashine za wakati wake hazikuwa nao, naye akavisugulia nyumbani, kwa kuigeuza cherehani ya mkewe kuwa mashine ya kusugulia. Mkewe alisema nini, historia haikuona haja ya kuandika.

Turudi uani. Pikipiki imesimama kwenye stendi ya kati, chini kuna turubai au mkeka wa zamani, pembeni sahani ya kuwekea bolti zisipotee. Kabla ya kugusa spana, kazi ya kwanza ni brashi na kitambaa. Vumbi la Ikoma wakati wa kiangazi ni jembamba kama unga wa muhogo; nyumbu wanaopita kwa malaki kati ya mbuga na mto Grumeti wanalisaga, malori yanalirusha, na lote hutafuta mahali pa kukaa juu ya hedi. Mtu akifungua kifuniko cha hedi bila kusafisha, anamimina mchanga moja kwa moja ndani ya oili, na hapo ingekuwa heri angeiacha tapeti ilie.

Kifuniko cha hedi kinafunguliwa, na plagi inatolewa ili injini isiwe nzito kuzungusha. Gia inaingizwa ya juu kabisa, na tairi la nyuma linazungushwa kwa mkono. Kila tairi linavyosogea, pistoni inasogea nalo. Sasa linakuja jambo linalowashinda wengi kuliko kibapa chenyewe: kuipata saa sahihi ya injini. Pistoni hufika juu mara mbili katika kila mzunguko wa kazi, mara moja ikibana mchanganyiko, mara ya pili ikisukuma moshi. Kipimo ni pale inapobana tu, kwa sababu ndipo valvu zote mbili zimefunga na roka zote mbili zimepumzika. Mara ya pili valvu zimefunguka kidogo kidogo, na anayepima hapo anapima uongo.

Kwenye magneti, nyuma ya kifuniko cha kushoto, kuna mstari wenye herufi T unaopaswa kukaa mkabala na alama ya kwenye kava. Karibu yake kuna mstari wenye herufi F, ambao ni wa saa ya kupiga cheche na huja mapema kuliko T. Wengi wameweka valvu sawa kwa F na kushangaa wiki nzima. Asiyetaka kufungua kifuniko hutumia mrija wa soda: anauingiza kwenye tundu la plagi, analizungusha tairi polepole, anautazama mrija ukipanda mpaka usimame usipande tena. Mrija ni bora kuliko njiti ya ufagio, maana njiti ikikatikia ndani ya silinda siku imekwisha. Kisha anazitikisa roka kwa vidole. Zote mbili zikicheza kidogo, ndipo. Moja ikiwa imebana kabisa, amekosea zamu. Analizungusha tairi mpaka mrija ushuke na kupanda tena.

Kibapa cha 0.08 kinaingizwa kati ya skrubu na shina. Vitabu husema kipite kwa kukwaruza kidogo, maneno ambayo hayamsaidii mtu ambaye hajawahi kusikia mkwaruzo huo vidoleni. Njia iliyo salama kwa mwanafunzi ni ya vibapa viwili: cha 0.08 kipite, cha 0.10 kigome. Vyote viwili vikipita, nafasi imezidi. Vyote vikigoma, imepungua, na hiyo ndiyo habari ambayo sikio lisingeileta. Baada ya mara nne tano kidole kinaizoea hali hiyo ya kukwaruza na kibapa cha pili kinabaki kama shahidi wa akiba.

Halafu nati. Nati ya tapeti ni ndogo, namba 8, 9 au 10 kutegemea aina ya pikipiki, na ina tabia ya ukaidi: ukiikaza, inaizungusha skrubu pamoja nayo. Mtu anaweka nafasi safi kabisa, anakaza, anapima, anakuta kibapa hakiingii. Analegeza, anaanza upya. Ni hapa ambapo wengi hukata tamaa na kumwita fundi. Kichwa cha skrubu ni cha mraba, kidogo, na plaizi hukitafuna mpaka kikawa duara. Madukani kuna kifaa cha kazi hii, spana yenye tundu katikati ambayo ufunguo wa mraba hupita ndani yake, mkono mmoja ukiishika skrubu isitembee huku mwingine ukikaza nati. Asiyekipata anaweza kumwomba mchomeleaji ampatie kijibomba kifupi cha chuma kilichogongwa juu ya msumari wa pembe nne mpaka ndani kikachukua umbo la mraba. Si kizuri kutazama. Kinashika.

Baada ya kukaza, tairi linazungushwa mpaka pistoni irudi juu kwa zamu ile ile, na vibapa vinaingizwa tena. Ndipo kifuniko cha hedi kinarudi, gasketi ikiwa imefutwa. Kwa mtu aliyezoea, yote haya ni nusu saa. Kwa anayeanza ni saa nzima na zaidi, mtoto akimshikia tochi ya simu na kuuliza kila baada ya dakika mbili kama imekwisha.

Kitu cha mwisho kwenye mkeka huo ni daftari. Kilomita zilizosomeka, nafasi iliyokutwa, nafasi iliyoachwa. Mali bila daftari huisha bila habari, na valvu ni mali. Mtu aliyeandika kwamba valvu ya moshi ilikutwa 0.06 mara iliyopita na 0.04 mara hii anaona kwa macho kwamba inazama kitini, na ana miezi ya kujiandaa kabla ya hedi kufunguliwa. Gereji haiwezi kumwekea kumbukumbu hiyo, maana leo amefungua Nata, mwezi ujao atafungua Mugumu, na mara nyingine Bunda.

Nani hasa atafanya haya? Swali hili ni la fedha kabla ya kuwa la ufundi. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoiingiza rasmi pikipiki katika usafiri wa abiria wa leseni, bodaboda imekuwa ajira ya vijana, lakini mara nyingi chombo ni cha mtu mwingine. Dereva wa hesabu humpelekea tajiri wake kiasi walichokubaliana kila jioni, na valvu ikiungua ni valvu ya tajiri. Kumwambia aamke saa kumi aipime kwa ajili ya mtu aliyelala ni kumwonea. Dereva wa mkataba yuko tofauti. Yeye analipa kidogo kidogo akijua kwamba siku moja kadi ya pikipiki itakuwa na jina lake, na injini anayoitesa leo ndiyo atakayokabidhiwa. Kwa huyo, kilomita 100 kwa siku ni kilomita 4,000 kwa siku arobaini, na kila zikitimia hizo valvu zinataka kuangaliwa, yaani mara nane au tisa ndani ya mwaka wa mkataba. Akiziacha, atakabidhiwa chuma chakavu chenye jina lake.

Kuna hesabu nyingine ambayo ni ya Ikoma peke yake. Pikipiki haziruhusiwi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa hiyo safari ya bodaboda hukomea lango la Fort Ikoma, karibu na boma walilolijenga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Wanyama hawana lango. Vijiji kama Robanda na Nata-Mbiso vimo katika Jumuiya ya Hifadhi ya Ikona, ardhi ambayo tembo na simba huipita kama njia yao, na ndiyo hiyo hiyo barabara ya dereva anayerudi gizani. Injini iliyopoteza kompresheni mjini ni hasira na kusukuma mpaka kwa fundi. Kati ya Nata na Robanda, saa mbili ya usiku, ni mtu peke yake kwenye nyasi ndefu akipiga kiki isiyo na mzigo, na abiria nyuma aliyeacha kuuliza maswali.

Kwa msomaji atakayekwenda kununua fila, neno moja la dukani. Seti nyingi zinazouzwa ni za magari, na zipo zinazoanzia 0.05 kisha zikaruka moja kwa moja hadi 0.10, zikiliacha pengo pale pale pikipiki inapohitaji. Afungue kishada chote kabla ya kulipa, akitafute kibapa chenye 0.08. Kama ni cha inchi, 0.003 ni sawa na milimita 0.076, inafaa, 0.002 ndiyo ya Cub. Kibapa kilichokunjika au chenye kutu akikatae hata kikiwa bei poa, na atakachonunua akipake oili kabla ya kukirudisha kwenye ala yake. Asikijaribu siku hiyo hiyo akifika nyumbani. Pikipiki iliyomleta kutoka dukani itakuwa baridi kesho saa kumi alfajiri.